Sina kazi, nahangaika tu

Mwaka niliomaliza chuo, kibarua changu cha kwanza kilikuwa kuwauliza watu kama wana kazi. Mkataba ulikuwa wa miezi sita, na siku niliyousaini nilijua kwamba ukiisha nitahamia upande wa pili wa dodoso, nikae na wanaoulizwa. Nilikuwa mdadisi katika utafiti wa nguvukazi: kishikwambi mkononi, kitambulisho shingoni, viatu vimelika upande mmoja. Tulipangiwa mji mdogo ambao sitautaja, kwa kuwa niliyoyaona pale ungeyaona katika mji wowote wa ukubwa ule.

Kaya ya tatu, siku ya pili, ndiyo iliyonifundisha. Mwenye nyumba, mtu wa makamo, alikuwa ameibinua baiskeli uani, magurudumu juu, akikaza spoku mojamoja. Kila akikaza moja anaizungusha rimu kwa kidole, anatega sikio kama inagusa breki. Nikamwamkia, akanisogezea kigoda kwa mguu bila kuachia spana. Tukaenda vizuri mpaka tukafika kwenye swali ambalo utafiti mzima unaliegemea: katika siku saba zilizopita, ulifanya kazi yoyote ya malipo au ya kujipatia faida, walau kwa saa moja?

"Hapana, mwanangu. Sina kazi. Nahangaika tu."

Nikabonyeza "Hapana". Mkewe alikuwa anaanua nguo. Bila kugeuka akasema, "Na hiyo baiskeli?"

"Hii?" Mzee akaitazama kana kwamba imeingia uani sasa hivi. "Hii ya jirani. Atanipa chochote. Hii nayo ni kazi?"

Kwa kanuni nilizofundishwa ni kazi, tena haina ubishi. Atapewa chochote, na chochote ni malipo. Nikarudi nyuma, nikabonyeza "Ndiyo", na kishikwambi kikaruka sehemu nzima ya maswali ya kutafuta kazi, kikatupeleka moja kwa moja kwa wanaofanya kazi. Kwa mguso mmoja wa kidole, mji ule ulipungukiwa na mtu mmoja asiye na ajira. Spoku bado zilikuwa zimelegea.

Kanuni yenyewe si siri wala si hila ya serikali fulani, ingawa wengi huichukulia hivyo wanapoisikia kwa mara ya kwanza. Inatoka Shirika la Kazi Duniani, ILO. Wanatakwimu za kazi wa nchi mbalimbali waliiweka mwaka 1982 katika mkutano wao wa 13, wakaja kuifanyia marekebisho makubwa katika mkutano wa 19, mwaka 2013. Ili uhesabiwe huna ajira lazima utimize mambo matatu kwa pamoja: uwe hukufanya kazi ya malipo au faida hata saa moja katika wiki inayoulizwa, uwe umetafuta kazi kwa vitendo karibuni, kwa kawaida ndani ya wiki nne, na uwe tayari kuanza ukiipata. Likikosekana moja, humo. Asilimia ya ukosefu wa ajira ni idadi ya watu hao ikigawanywa kwa nguvukazi, yaani wao pamoja na wanaofanya kazi. Wengine wote wenye umri wa kufanya kazi, ambao hawafanyi wala hawatafuti, hawaonekani juu ya mstari wala chini yake.

Saa moja ina sababu yake. Pato la nchi hujumlisha kila kinachozalishwa, hata kile kilichozalishwa kwa saa moja, na wanatakwimu walitaka jasho lililokizalisha nalo lihesabiwe lote. Kwa shabaha hiyo kipimo ni kizuri. Shida huanza pale kipimo kilichotengenezwa kwa jasho la nchi nzima kinapochukuliwa na diwani au mwandishi wa habari kueleza hali ya mji wenye waajiri wanane.

Jioni ile nikiwa njiani kurudi nilijilaumu kwamba swali langu lilimchanganya mzee wa watu. Baadaye nikaona hakuchanganyikiwa hata kidogo. Kiswahili kina maneno yake hapo, na kila mtu anayajua bila kufundishwa. Ajira ni mkataba, mshahara, mwisho wa mwezi. Kibarua ni leo kwa leo. Shughuli ni chochote kinachokuweka mjini. Kuhangaika ni pale vyote hivyo vimekosekana na mtu bado hajakaa chini. Neno kazi limetanda juu ya yote, ila mtu akiulizwa na mgeni mwenye kitambulisho shingoni, husikia ajira. Mzee alijibu swali alilolisikia, nami nikaandika jibu la swali lingine.

Na hapa wanatakwimu nitawapa haki yao. Azimio la 2013 lilifanya jambo ambalo msemaji yeyote wa Kiswahili angewaambia bure: lilitenganisha kazi na ajira. Kazi, kwa azimio lile, ni shughuli yoyote ya kuzalisha bidhaa au kutoa huduma, iwe kwa ajili ya wengine au kwa matumizi yako mwenyewe. Kupika, kulea, kuchota maji, kulima cha kulisha nyumba, vyote vimo. Ajira ni ile sehemu ya kazi inayofanywa kwa malipo au faida. Tangu hapo, anayelima kwa ajili ya nyumba yake tu hahesabiwi tena miongoni mwa walioajiriwa, ilhali kwa kanuni za 1982 aliweza kuhesabiwa. Nchi inapohama kutoka kanuni za zamani kwenda mpya, namba zake huruka bila mtu hata mmoja kuajiriwa wala kufukuzwa. Ukiona mchoro wenye mruko wa ghafla, kabla hujamtafuta aliyefunga kiwanda, tazama kwanza kama swali lilibadilishwa.

Mji mdogo ninaourudia kila nikifikiria mambo haya ni Marienthal, makazi ya wafanyakazi katika eneo la Gramatneusiedl, si mbali na Vienna, Austria. Uhai wake wote ulikuwa kiwanda cha nguo. Mdororo wa uchumi ulipoingia, kiwanda kilifungwa idara baada ya idara, na mwaka 1930 mashine zilikuwa zimenyamaza. Mwishoni mwa 1931 likafika kundi la watafiti vijana, wakiwemo Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel. Walikuta watu 1,486 katika familia 478, na takribani robo tatu ya familia hizo zikitegemea posho ya wasio na ajira.

Asilimia, basi, haikuwa na la kuwafundisha. Kila mtu aliijua. Wakaanza kupima vitu vingine, na hapo ndipo ninapowavulia kofia. Walikwenda maktaba ya wafanyakazi kutazama daftari la vitabu vilivyoazimwa. Ungetarajia watu wenye siku nzima mikononi wasome zaidi. Kati ya 1929 na 1931 uazimaji ulishuka kwa karibu nusu, na hiyo ni baada ya ada ya kuazima kufutwa. Halafu wakakaa dirishani, bila kuonekana, wakihesabu jinsi watu wanavyopita katika barabara kuu. Karibu theluthi mbili ya wanaume walisimama angalau mara mbili katika kipande kile kifupi cha njia. Mtu hana anakokwenda, kwa hiyo hana pa kuchelewa. Wanawake walipita kwa mwendo wa haraka zaidi na kusimama mara chache, kwa sababu nyumbani kulikuwa na jiko, nguo na watoto wanaowasubiri. Watafiti waliandika kwamba wanawake wale walipoteza kipato, kazi hawakuipoteza. Waliona mwaka 1932 kile ambacho azimio lilikuja kukikubali mwaka 2013.

Wanaume walipewa karatasi wajaze saa kwa saa walivyoutumia mchana wao. Hizo karatasi ndizo zinazoniuma zaidi. Mtu anaandika kwamba ameamka, amewaamsha watoto waende shule, ameteka maji, ameleta kuni. Kisha saa zinaanza kuungana: amesimama pale, ametazama hiki, na mara saa sita mchana imefika. Mchana wote kwa mstari mmoja. Aliyewahi kukaa kijiweni bila ratiba anaijua ile saa sita.

Kuna jambo jingine la Marienthal ambalo nililielewa siku ya baiskeli. Posho ilikuwa na masharti makali, na aliyepatikana akifanya kazi aliipoteza. Mmoja aliikosa kwa kusaidia kukata miti akapewa kuni. Mama mmoja aliikosa kwa kusambaza maziwa ambayo naye alipewa kidogo kwa ajili ya wanawe. Mwingine alijipatia senti mbili tatu kwa kupiga kinanda cha mdomo, nayo ikamtoa. Kule kijikazi cha saa moja kilikuondoa kwenye daftari la wanaostahili kusaidiwa. Leo kinakuondoa kwenye hesabu ya wasio na ajira. Nia ni tofauti kabisa, ila mtu mwenye kinanda chake bado yuko palepale, na mfuko ni uleule.

Sasa nije kwa dada mmoja niliyemkuta wiki ya pili.

Alikuwa na stashahada ya uhasibu, umri wake na wangu vilikaribiana. Alinijibu harakaharaka, kama mtu aliyekwisha kujaza fomu nyingi maishani. Siku saba zilizopita, hakufanya kazi yoyote ya malipo. Nikamuuliza kama wiki nne zilizopita alitafuta kazi.

"Sijatafuta."

Kishikwambi kinataka sababu. Nikamsomea orodha. Akanikatisha.

"Kaka, nitafute wapi? Huu mji milango nimeimaliza."

Akaihesabu kwa vidole: ofisi zenye nafasi ya mhasibu, moja, mbili, mpaka saba. Kote alishapeleka bahasha yake ya kaki. Kwingine mara mbili. Katika moja, mlinzi alishamzoea kiasi cha kumsalimia na kumwambia bado kabla hajauliza. Kutembea tena wiki hii ili aonekane anatafuta kungekuwa kuchosha miguu na kumaliza pesa za fotokopi. Nikaandika alivyosema. Hakutafuta, hivyo hakuwa mtu asiye na ajira. Aliingia katika lile kundi la walio nje ya nguvukazi, pamoja na wastaafu na wanafunzi.

Hili nadhani ndilo jambo lisiloelezwa vya kutosha kuhusu miji midogo, na ndilo hasa lililonifanya niandike. Kanuni inataka utafutaji wa vitendo. Katika jiji kubwa mtu anaweza kutafuta mwaka mzima na asirudi mlango uleule. Katika mji mdogo utafutaji una mwisho. Unauona mwisho wake ndani ya wiki mbili, na baada ya hapo kilichobaki ni kusubiri mtu afe, astaafu au ahamishwe, na zaidi ya hapo kumjua anayemjua atakayeamua nani aingie. Mtu anayesubiri hivyo si mvivu wala hajakata tamaa kwa maana ya kukaa akilia. Amefanya hesabu yake vizuri. Lakini mji ukijaa watu wenye akili kama zake, asilimia yake ya ukosefu wa ajira itapendeza.

ILO wenyewe wanalijua hilo. Azimio la 2013 lina vipimo vingine vinavyosomwa pamoja na asilimia: wanaofanya kazi kwa saa chache kuliko wanavyotaka, na wale walio tayari kufanya kazi ila hawakutafuta, ambao wanaitwa nguvukazi tarajiwa. Dada wa bahasha yumo humo. Tatizo ni kwamba vipimo hivyo hukaa kurasa za ndani za ripoti, na wasomaji wengi hatufiki kurasa za ndani.

Nichukue mfano wa kubuni, tuhesabu pamoja. Mji una watu 32,000 wenye umri wa kufanya kazi. Wanaofanya kazi ni 18,000, wanaotafuta bila kupata ni 2,000. Nguvukazi ni 20,000, na asilimia ni 10. Mwajiri mmoja mkubwa anafunga, watu 600 wanatoka. Sasa wanaotafuta ni 2,600, na asilimia inapanda hadi 13. Magazeti yanaandika. Mwaka unapita. Hakuna nafasi hata moja mpya iliyofunguliwa, ila watu 500 wamehama na wengine 500 wamemaliza milango na kuacha kutafuta. Wanaotafuta wamebaki 1,600, nguvukazi ni 19,000. Gawanya: asilimia 8.4.

Tazama tena. Mji umepoteza nafasi 600 na ukosefu wa ajira uko chini kuliko kabla mwajiri hajafunga. Kuna kiongozi atakayesimama jukwaani kuitaja namba hiyo, na hatakuwa anasema uongo. Ndiyo maana mimi huuliza idadi yenyewe ya wanaofanya kazi kabla ya kuuliza asilimia: ilikuwa 18,000, sasa ni 17,400. Ukitaka uwiano, chukua wanaofanya kazi ugawanye kwa watu wote wenye umri huo. Umeshuka kutoka 56.3 hadi 55.2. Hata huo nao umepunguziwa makali na walioondoka, maana aliyehama hupungua juu na chini. Hakuna namba moja itakayokupa habari yote. Ila mbili tatu zikiwekwa pamoja huanza kuumbuana.

Kabla sijaendelea, neno kuhusu zile taarifa za ukosefu wa ajira kushuka kwa nukta kadhaa katika mji fulani. Tuseme utafiti uliwafikia watu 400 wa nguvukazi katika mji huo, nao ukatoa asilimia 10. Kwa hesabu za kawaida za sampuli, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 7 na 13, na hapo tumechukulia kwamba kila mtu alijibu na kila mdadisi alibonyeza panapostahili. Mwakani ikitoka 9, hujajua kitu. Marekani, pamoja na uwezo wake wote, utafiti wake wa kila mwezi hufikia kaya takribani 60,000 kwa nchi nzima. Namba za maeneo yake madogo hukisiwa kwa modeli zinazochanganya utafiti huo na takwimu nyingine, kwa kuwa sampuli haiwezi kuzibeba. Mwenendo wa miaka mitano ya mji mdogo unaweza kuwa na maana. Wa miezi mitatu mara nyingi ni upepo.

Kuhama, nilikokuweka katika mfano wangu, si jambo la kubuni. Mwaka 1992 Olivier Blanchard na Lawrence Katz walichunguza majimbo ya Marekani yaliyopatwa na pigo la ajira. Waliona asilimia hupanda, kisha ndani ya miaka kati ya mitano na saba hurudi karibu na ilipokuwa. Sababu kubwa ilikuwa kuondoka kwa watu. Nafasi zilizopotea hazikurudi. Mchoro wa asilimia peke yake ungekuambia jimbo limepona. Baadaye wengine, wakiwemo David Autor, David Dorn na Gordon Hanson katika kazi yao ya 2013 kuhusu ushindani wa bidhaa za China, waliona kwamba katika maeneo yaliyoumia watu wengi hawakuhama kwa kasi iliyotarajiwa. Walibaki, na sehemu yao wakatoka kabisa katika nguvukazi. Kwa macho ya asilimia, aliyeondoka na aliyebaki akaacha kutafuta wanafanana. Nyumbani kwao hawafanani hata kidogo.

Youngstown, Ohio, ni mahali pa kuyaona haya kwa muda mrefu. Tarehe 19 Septemba 1977, siku ya Jumatatu, ilitangazwa kwamba sehemu kubwa ya kiwanda cha chuma cha Campbell Works ingefungwa, na takribani watu 5,000 wangepoteza kazi. Wenyeji waliiita Jumatatu Nyeusi. Sensa ya 1930 ilikuta watu 170,002 katika mji ule. Ya 2020 ilikuta 60,068. Kupungua kulianza kabla ya Jumatatu ile, kwa hiyo si haki kuibebesha yote, lakini ukitaka kujua ajira za Youngstown zilikwenda wapi, anza na hizo namba mbili za sensa kabla hujafungua jedwali lolote la asilimia. Mwaka 2005 mji wenyewe ulipitisha mpango uliokubali kwamba utakuwa mji mdogo kuliko ulivyokuwa, na kwamba mipango ya mitaa na nyumba iendane na ukweli huo. Ni nadra kusikia viongozi wa mji wakitamka hivyo. Kwa kawaida huahidi kiwanda kingine.

Na mwajiri mmoja mkubwa haondoki peke yake. Enrico Moretti, katika makala yake ya 2010 kuhusu miji ya Marekani, alikadiria kwamba kila nafasi mpya ya kiwandani huzaa baada ya muda nafasi 1.6 katika huduma za mji huohuo: kinyozi, fundi, mwalimu wa masomo ya ziada, mwenye nyumba za kupangisha anayeajiri mtu wa usafi. Ukiigeuza hesabu hiyo, kwa tahadhari, unaelewa kwa nini mzee wa baiskeli anatengeneza kwa "chochote". Jirani naye hana bei ya kutaja.

Waliobahatika kupata kazi nyingine nao hawarudi walipokuwa. Louis Jacobson, Robert LaLonde na Daniel Sullivan waliwafuatilia wafanyakazi wa muda mrefu wa Pennsylvania waliopunguzwa kwa mkupuo, wakachapisha matokeo mwaka 1993: hata miaka mitano na zaidi baadaye, kipato chao kilikuwa pungufu kwa karibu robo ya kile ambacho wangekuwa wanapata. Hao wote katika dodoso langu ni "wanafanya kazi". Sina kisanduku cha robo iliyopotea.

Gramatneusiedl imerudi kwenye habari miaka ya karibuni. Oktoba 2020, mamlaka ya ajira ya Austria katika jimbo la Austria ya Chini ilianza jaribio pale: kila mkazi aliyekaa mwaka mmoja au zaidi bila ajira alihakikishiwa kazi yenye ujira halali, kwa hiari yake. Wachumi Maximilian Kasy na Lukas Lehner wa Oxford walilifuatilia. Ukosefu wa ajira wa muda mrefu ulikaribia kwisha katika mji ule, jambo ambalo halishangazi sana ukishawapa watu wote kazi. Kilichonivutia ni kwamba walipima pia yale ya Jahoda: mpangilio wa siku, kukutana na watu, kujiona una nafasi katika jamii. Hayo nayo yalipanda. Jahoda, aliyefungwa na utawala wa Austria mwaka 1936 kisha akaenda kuishi Uingereza, aliendelea kuandika kwa miaka mingi kwamba mshahara ni sehemu tu ya kile mtu anachokipata kazini. Jaribio lilikwisha mwaka 2024. Kama linaweza kubebwa na mji usio na hazina ya nchi tajiri nyuma yake, nina mashaka makubwa, na sioni aibu kusema hivyo huku nikilipenda.

Mwezi wa mwisho wa mkataba wangu tulirudi kwa baadhi ya kaya zilezile, awamu ya pili. Mzee wa baiskeli sikumkuta, alikuwa ameitwa mahali kufunga mlango. Nikamwandika kwa maelezo ya mkewe, na safari hii mama hakusubiri swali: "Anafanya kazi. Ulivyotufundisha wewe."

Kwa dada wa stashahada nilipokewa na mama yake. Binti ameondoka, wiki ya tatu sasa, amekwenda kujaribu jiji kubwa, kafikia kwa shangazi. Kwa utaratibu wetu, aliyehama hutolewa kwenye orodha ya wanakaya. Nikamtoa. Nilipokuwa nafanya hivyo nikawaza kwamba kule alikokwenda milango haijaisha, kwa hiyo atakuwa anatafuta kila siku, na mdadisi wa kule akimfikia atamwandika hana ajira. Hapa alipokaa mwaka mzima bila kazi hakuwahi kuhesabiwa hivyo hata siku moja.

"Umemwandikaje?" mama akauliza.

"Amehama, mama."

"Hukuweka kwamba anatafuta?"

Nikamweleza kwamba kwa aliyehama kishikwambi hakiulizi. Akatikisa kichwa, akaniambia nimsubiri kidogo, akaingia ndani. Alitoka na bahasha ya kaki, pembe zimechakaa, nakala za vyeti ndani yake. Binti alikuwa amebeba halisi na kuziacha hizi.

"Wewe unazunguka, mwanangu. Unaingia maofisini. Ukisikia mahali, wape."

Mkataba wangu ulikuwa umebakiza siku tisa. Nikaipokea bahasha kwa mikono miwili, nikaiweka kwenye begi, pamoja na yangu.